Mstari wa Fahali

Mliolalamika kwamba wiki iliyopita nilimwacha Renae ameinama shambani na mtu kasimama nyuma yake, haya, tulieni, turudi palepale.

Ni saa kumi na moja alfajiri. Renae Kucera amevaa mfuko mweusi wa takataka uliotobolewa matundu matatu, kichwa na mikono, kama wavaavyo wote wa kazi hii ili umande wa mahindi usiwalowanishe hadi mifupa. Vibendera viwili vyekundu ameshavihamisha. Cha tatu bado kiko mkononi.

Ndipo sauti ya mwanamume ikasema nyuma yake, taratibu kabisa: "Hicho si kilikuwa pale?"

Kwa mliojiunga leo niwaeleze upesi. Shamba hili ni la mahindi ya mbegu. Mistari minne ni majike, wa tano ni dume, na watu wa Sedlov, Nebraska, wanamwita fahali. Majike hung'olewa mbelewele zote, yale maua ya kileleni, kwa mkono ili wapate chavua ya fahali peke yake. Fahali haguswi. Ukimng'oa fahali umeharibu mbegu ya mistari yote inayomtegemea, na kibendera chekundu kichwani mwa mstari ndicho kinachomwambia mgeni wa kazi kwamba huyu mwache.

Renae alikuwa anavisogeza vibendera mstari mmoja kando. Mtaniuliza kwa nini. Wivu, basi. Sina neno jingine la kumpamba nalo.

Kumbukeni alivyorudi nyumbani mwezi wa tano, huo mwaka 2009, mwaka mmoja wa chuo kikuu umekwisha na nakala arobaini za barua ya kuomba kazi ndani ya bahasha. Miaka mingine mwanafunzi alipata kazi ya kiangazi kabla hajafungua begi. Safari hii kiwanda cha vipuri vya matrekta kilikuwa kimefungwa, na watu wazima walikuwa wamezivamia kazi za watoto wao.

Kwenye bwawa la kuogelea alikuta mwokoaji ni mwalimu aliyepunguzwa kazini. Dukani, anayewatilia wateja vitu kwenye mifuko alikuwa meneja wa benki wa zamani, na tai shingoni. Kwenye mgahawa wa baga, mzee mwenye mvi alimuuliza kama angependa na viazi, na Renae alichokipenda pale kilikuwa ni kazi ya yule mzee.

Mwalimu wake wa sekondari ndiye aliyempa siri. Alimwambia aache kuuliza kuna kazi gani, aulize ni kazi gani imekosa mtu. Renae akauliza posta, akauliza kwa kinyozi, akauliza kwenye chakula cha kanisa, mpaka akasikia kwamba Bi Orpha Zelenka, mama anayepeleka vikosi vya vijana kwenye mashamba ya mbegu, hana kiongozi wa kikosi kimoja. Watu wazima hawakuwa wameifikiria kazi ile kwa sababu tangu zamani ni ya wanafunzi.

Mshahara wa kiongozi ungemrudisha Renae chuoni mwezi wa nane. Mshahara wa mng'oaji wa kawaida usingemfikisha. Shikeni hilo, kwa sababu ndilo lililomtoa kitandani na giza siku ile.

Sasa kosa lake. Siku ya Alhamisi alimweleza habari za kazi hiyo rafiki yake tangu chekechea, Corinne Sladek. Tangazo la Bi Zelenka lilisema maombi yanapokelewa Jumatatu, na Renae ni mtu wa kufuata tangazo. Ijumaa asubuhi Corinne alikuwa mlangoni kwa Bi Zelenka na sahani ya kolache, vimkate vitamu vya plamu, alizozioka bibi yake, rafiki wa Bi Zelenka, bado za moto. Jumatatu Renae alipofika na bahasha, filimbi ya kiongozi ilikuwa shingoni mwa Corinne tayari.

Renae akachukua alichobakiziwa, nafasi ya kung'oa mbelewele chini ya amri ya Corinne.

Tangu siku hiyo hakuna cha Corinne kisichomkera. Jua lililomchubua kila mtu lilimpendeza Corinne. Vijana wa kikosi walicheka kwa utani wa Corinne hata usiochekesha. Mkate wake wa mchana ulikuwa na nyama nono kuliko wa wengine. Hata alivyofunga kitambaa kichwani, Renae alimwangalia na roho ikamuuma, kisha kesho yake akajaribu kukifunga vilevile mbele ya kioo, hakikukaa, akakitupa sakafuni.

Hesabu yake ilikuwa fupi. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na kila Ijumaa mchana Bi Zelenka anakagua. Akikuta fahali ameng'olewa, kiongozi anaondoka siku hiyohiyo, na baada ya Corinne anayeijua kazi zaidi kikosini ni Renae. Sheria inasema aliyeng'oa anaondoka naye. Kwa hilo Renae alijifariji kwamba mng'oaji huyo atakuwa mmoja wa wale watu wazima wawili watatu wa kiwandani waliochukuliwa juzi. Aende. Nani aliwaita kwenye kazi za wanafunzi?

Basi aligeuka kumtazama mwenye sauti.

Alikuwa baba yake.

Vernon Kucera, miaka ishirini na miwili kiwandani, alikuwa amesimama kwenye majani yaliyolowa akiwa naye amevaa mfuko wa takataka. Alikuwa ameutoboa vibaya, tundu la kichwa kubwa mno, ukamwangukia begani. Nyumbani aliaga saa tisa na nusu usiku kwamba anakwenda ofisi ya kazi mjini Lincoln, awahi foleni. Gari lake kuukuu lilikuwa nyuma ya mabomba ya kumwagilia, na Renae alipopita na baiskeli hakuliona.

Walitazamana kama wezi wawili waliokutana kwenye nyumba moja.

Baba ndiye aliyeanza kujieleza, masikini. Alisema ofisi ya kazi amekwenda mara tisa na haina kitu. Alisema juzi alimwendea Corinne Sladek nyumbani kwao, akavua kofia, akamwomba nafasi, na Corinne akampa bila kumdhalilisha. Akamwahidi kumpanga mbali na Renae na kutomwambia mtu.

"Yule binti ana utu," baba akasema. "Aliniita ndani, akanipa kahawa, akaniambia atafurahi kuwa na mtu mzima kikosini. Sikutaka ujue, mwanangu. Niliona vigumu kukuomba wewe uniombee nafasi."

Maneno hayo kwa mtu mwenye roho safi yangemtoa machozi. Renae yalimchoma kwingine. Kazi Corinne amechukua, na baba pia anamchukua? Kumbe kuna kahawa imenywewa kwa akina Sladek, na baba yake amevua kofia, na yeye ndiye wa mwisho kujua.

Baba akaonyesha tena kile kibendera mkononi mwa Renae. Akauliza kama Corinne ndiye aliyemtuma kupanga alama. Mtu wa kiwanda huyo, anajua kila skrubu ya trekta lakini jike na dume la mahindi kwake ni sawasawa.

Hapo ndipo Renae angeweza kusema hapana, avirudishe vibendera mahali pake, tuifunge hadithi hii leo, mwende kula.

Akasema ndiyo, katumwa. Akakichomeka cha tatu.

Basi la njano la shule likaingia likinguruma. Vijana wakashuka, wengine wamelala wima, wakavaa mifuko yao. Corinne akashuka wa mwisho, akapiga filimbi, akaanza kuwagawia watu mistari. Mvua ya Jumanne ilikuwa imeikwamisha kwenye matope mashine inayotangulia kupunguza vilele vya majike, kwa hiyo shamba zima lingeng'olewa kwa mikono, hakuna mstari uliopunguzwa. Hata mzoefu angehitaji kutulia kidogo amtambue fahali.

Renae alikuwa na mpango wa haraka. Baba angekwenda naye upande wa kusini, ambako vibendera havikuguswa. Mitego ingebaki kwa wengine.

Corinne alimwona Mzee Kucera amesimama karibu na binti yake, akaelewa kwamba siri imekwisha, akatabasamu kwa aibu kidogo. Kisha akafanya wema. Wema wa Corinne ndio hasa uliomponza mzee wa watu.

"Mzee Kucera, wewe njoo huku kaskazini," akasema. "Ni pakavu. Magoti yako yatakushukuru."

"Aende na mimi," Renae akasema.

"Huko kwako kuna matope mpaka kwenye vifundo."

"Nimesema aende na mimi."

Corinne akamtazama, si kwa ukali, na watu wote wakawatazama wote wawili. "Renae, hapa ninayepanga ni mimi."

Neno hilo la mwisho likamwingia Renae kama mwiba kwenye kidole. Mimi. Mimi kwa sababu ya nani? Kama si kinywa cha Renae mwenyewe siku ile ya Alhamisi, nani angemjua Corinne shambani? Sentensi moja tu ilitakiwa kutoka: vibendera vya kaskazini vimehama. Ilikuja mpaka kwenye ulimi. Donge la wivu likaisukuma chini.

Baba akamkonyeza kama alivyokuwa akimkonyeza akiwa mtoto, akaingia kwenye mahindi. Mahindi yakamfunika.

Wenzangu, kuna kazi ambayo mikono inafanya na kichwa kinabaki huru, na hiyo ni hatari kwa mwenye dhambi. Unashika mbelewele, unavuta, inatoka kwa mlio mdogo, unaiacha ianguke, unasogea hatua. Renae alivuta na kusogea, majani yakimkata shingo. Kila mlio aliousikia kwenye mistari yake ulimwambia kwamba huko kaskazini mlio kama huo unatoka mkononi mwa baba yake.

Alijaribu kujidanganya. Labda baba atachoka mapema. Labda atauliza mtu. Kisha akamkumbuka Vernon Kucera vizuri: mtu asiyeuliza, asiyechoka, anayetaka kuonekana anastahili kikombe cha kahawa alichopewa na bosi mwenye umri wa miaka ishirini.

Renae alifika robo ya shamba, akaacha mstari, akakimbia.

Alikata mistari kwa ubavu, jambo ambalo hakuna mng'oaji anayeruhusiwa, huku mfuko ukipasuka kila upande. Alimkuta baba mbele ya wote, hatua mia moja na zaidi kutoka mwanzo, kalowa, kafurahi. Nyuma yake fahali alikuwa amelala chini vipande vipande, tangu kichwani mwa mstari, safi, bila hata mbelewele moja iliyosahauliwa. Kaifanya kazi vizuri kuliko kijana yeyote wa kikosi.

"Umeniona?" baba akasema. "Nimewapita watoto."

Renae akamshika mkono uliokuwa umeinuka. Akamwambia aache, huu si mstari wake, huu ni fahali. Akamwambia maana yake.

Baba hakuelewa mara moja. Alitazama alikotoka, akatazama mkono wake, akamtazama binti yake. "Lakini kibendera kiko kwenye mstari wa kando," akasema. "Wewe ndiye uliyekiweka."

Kisha akaelewa. Renae alimwona akielewa. Uso wa baba ulifungwa kama duka linavyofungwa. Afadhali angepiga kelele.

Renae alitaka kukimbia akamweleze Corinne wawanusuru wale fahali wawili ambao hakuna aliyekuwa amewafikia bado, na nawahakikishia kwamba safari hii alikuwa ameamua kweli. Alichelewa. Pikapu nyeupe ilikuwa imeshasimama mwanzo wa shamba. Bi Orpha Zelenka hakusubiri mchana siku hiyo.

Bi Zelenka ni mwanamke mfupi wa miaka sitini, hana haja ya kibendera kumjua fahali. Alitembea hatua ishirini ndani ya mistari, akarudi na mbelewele mbili mkononi, nyekundu kidogo kwenye ncha, kama zilivyo za dume. Alipiga honi mara tatu. Kikosi kizima kikatoka kwenye mahindi, kikajipanga barabarani, mifuko ikichuruzika maji.

Hakugomba. Alisema mwenye shamba anaweza kuukataa mstari ule na mashamba yote yanayofuata, na hapo vijana wote arobaini watakwenda nyumbani, si mmoja. Aliuliza vibendera vya kaskazini kapanga nani.

Renae alimtazama baba, na baba alitazama buti zake.

Corinne akatembea mpaka kwenye vile vibendera. Akainama, akahesabu mistari kwa kidole, mara moja, mara ya pili. Alipoinuka, macho yake hayakwenda kwa Bi Zelenka. Yalikuja moja kwa moja kwa Renae, na Renae alijua kwamba amejulikana.

"Nimepanga mimi," Corinne akasema.

Bi Zelenka akamwambia alimtegemea, na kwamba ameumia. Akamwambia pia kwamba sheria ni sheria hata kwa mjukuu wa rafiki yake. Corinne akaitika kwa kichwa, akaivua filimbi shingoni.

Renae akafungua mdomo. Ndiyo, aliufungua, msimnyime haki yake. Lakini Bi Zelenka alikuwa ameshamgeukia, akisema kwamba kuanzia dakika hii kikosi ni chake na mshahara wa kiongozi ni wake mpaka mwisho wa msimu. Chuo kikuu, mwezi wa nane, kitanda chake cha bweni kando ya dirisha, vyote vikamjia usoni kwa pamoja, na mdomo ukabaki wazi bila kutoa kitu.

Corinne ndiye aliyemletea filimbi. Alisimama karibu kabisa, mgongo kwa watu, akasema kwa sauti ya chini.

"Nilivipanga jana jioni, Renae. Nilihesabu mara mbili."

"Corinne, mimi..."

"Ngoja. Mwezi wa tano nilijua utakwenda Jumatatu. Nakujua, wewe ni mtu wa tangazo. Ndiyo maana nikaenda Ijumaa." Macho yake yalikuwa mekundu lakini hakulia. "Sijalala vizuri tangu siku ile. Sasa chukua. Hatudaiani."

Akamvisha filimbi kwa mikono yake, akaondoka kwa miguu kwenye barabara ya changarawe kuelekea mjini, maili sita.

Na Renae, mnajua alihisi nini? Mnisamehe, nitasema. Aliuona ule mgongo ukienda umenyooka, akamwonea wivu. Alimwonea wivu kwa sababu Corinne amekwisha kusema lake na anakwenda zake mwepesi, na yeye kabaki na filimbi.

"Kiongozi," Bi Zelenka akaita.

Ilimchukua Renae muda kujua kwamba anayeitwa ni yeye.

Bi Zelenka alikuwa amefungua daftari lake la majina juu ya boneti ya pikapu. Alisema bado jambo moja halijaisha. Kuna mkono ulioung'oa ule mstari, na mkono huo hauwezi kubaki kwenye kikosi hiki, wala jina lake haliandikwi tena kwenye kikosi chake chochote. Kumtoa ni kazi ya kiongozi. Huwa ndiyo kazi ya kwanza ngumu, alisema, na afadhali ajifunze mapema.

"Sema mwenyewe ni nani," akaongeza, "umwondoe mbele ya wenzake, kisha mrudi kazini. Jua linapanda."

Vijana walitazamana. Hakuna aliyejua. Mistari ya mahindi haina mashahidi.

Kutoka mwisho wa safu mtu mmoja akajitenga na wenzake. Alikuja taratibu, mfuko wa takataka ukimpwaya begani, akapita mbele ya vijana wa umri wa binti yake bila kumtazama yeyote. Alisimama hatua mbili kutoka kwa Renae, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili kifuani.

"Ni mimi niliyeng'oa," Vernon Kucera akasema, sauti ikifika kwa wote. Kisha akainua macho na kumtazama binti yake usoni. "Haya, kiongozi. Nasubiri neno lako."